Maji Aliyoyabakisha

Shuleni walimwita Mwalimu Seli, na jina lenyewe lilimkaa vizuri kuliko makoti yake. Wanafunzi wake wakikutana ukubwani, wengine makarani, wengine wauza matofali, huwa hawakumbuki hata sura moja ya kitabu cha biolojia. Lakini hakuna aliyesahau siku ya kijiti cha meno. Mwalimu anakupa kijiti, anakwambia ukwangue ndani ya shavu polepole, upake kwenye kipande cha kioo, utie tone la iodini, ufunike, kisha uchungulie kwenye hadubini. Unaona vitu vyepesi vilivyokunjamana pembeni, vya rangi ya chai ya rangi, na kila kimoja kina doa katikati. Lile doa ni kiini.

"Huyo unayemwona ni wewe," alikuwa akisema. "Msalimie."

Na darasa zima, mabaunsa na wachokozi wakiwemo, linainamia hadubini na kusema shikamoo.

Yeye mwenyewe mara yake ya kwanza alijiaibisha. Alikuwa kijana amevaa shati la kuazima, akaambiwa achore anachokiona, akachora kwa ustadi mkubwa msitu wa fito nyeusi zilizopinda. Mwalimu wake alitazama mchoro, akamtazama yeye, akacheka mpaka akashika meza. Kijana alikuwa amechora kope zake mwenyewe. Hilo ni kosa la karibu kila anayeshika hadubini, na wengi hulicheka likapita. Yeye hakulicheka. Alilifanya kanuni ya maisha: kabla hujasema umeona kitu, hakikisha hujajiona wewe. Aliihubiri kanuni hiyo miaka mingi, wanafunzi wakaifanya wimbo wa kumwigiza. Aliishi nayo vizuri mpaka mkewe alipofariki.

Mkewe alikuwa mshonaji, na ulimi wake ulikata kuliko mkasi wake. Cherehani ilikaa sebuleni karibu na dirisha, na wateja walikuja kupimwa nguo na kuondoka wamepimwa na tabia zao pia. Mumewe hakusalimika. "Wadudu unawatazama kwa jicho moja," alimwambia, "mimi hata hilo moja sipewi." Lakini shule ilipoitupa hadubini kuukuu iliyovunjika kioo cha chini, kile kinachorusha mwanga juu, na mwalimu akaileta nyumbani kama mtu aliyeokota mtoto, ni mkewe aliyebandua kioo cha kopo lake la poda na kumpa. Kilitosha kana kwamba kilikatiwa pale. Tangu hapo kila alichokiona mwalimu nyumbani kwake alikiona kwa mwanga uliopita kwenye kioo cha mkewe, na mkewe hakuacha kumkumbusha.

Alikuwa na tabia moja iliyomtoa mwalimu povu ndoa nzima. Hakumaliza glasi ya maji. Alikunywa nusu, akafunika kwa kisahani, akaiacha palepale. Ungezikuta juu ya friji, dirishani, chini ya kiti, kwenye meza ya cherehani kati ya pini na chaki. Ukimuuliza anasema ni ya kiu ya baadaye. Binti yao alipokuwa mdogo alifuata nyuma akizimaliza, na mama alimsifu kwa hilo kana kwamba ni kazi ya nyumbani.

"Mbu watataga humu!" mwalimu alifoka.

"Wakitotoa wapeleke darasani, si ndio wanafunzi wako?"

Ugonjwa ulimjia kama mzaha, kikohozi na uchovu, kisha moyo ukashindwa. Alikufa mchana, kitandani mwake, dirisha likiwa wazi. Watu walijaa, wakalia, wakapika, wakaondoka. Walipoondoka nyumba ilikuwa safi mno, kama ya watu wengine. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaguswa: kwenye kigoda kando ya kitanda ilibaki glasi yake, maji nusu, kisahani juu, na kwenye ukingo alama hafifu ya mdomo.

Mwalimu aliiona akasimama hapo muda mrefu. Kisha akamwita binti yake, aliyekuwa sasa mwanamke mzima mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili na bado akiishi naye, akamwambia bila kuzunguka, "Mwanangu, haya ndiyo maji ya mwisho aliyogusa kwa mdomo wake. Hayatupwi. Yakiisha haya, mama yako ameisha."

Binti alimtazama baba yake, akasema, "Sawa, baba." Akaenda jikoni kulia.

Mtu mwingine angeiweka glasi kabatini akaizoea. Huyu alikuwa mwalimu wa biolojia, na huo ndio ulikuwa msiba wake wa pili. Aliijua kanuni aliyoifundisha kila mwaka, kwamba kilicho hai hutoka kwa kilicho hai, hakizuki tu kama ukungu wa hadithi. Alijua pia kwamba hakuna anywaye maji bila kuacha kitu ndani yake: bakteria wa kinywa, chembe za ngozi ya shavu. Siku moja alipotoka shule alichovya kidonezi, kile kibomba cha kudondoshea matone, akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini. Lilikuwa limejaa. Vijiti vidogo vilitetemeka, na baadaye, katika tone la wiki nyingine, vikaja viumbe vikubwa zaidi vyenye nywele pembeni, vikiogelea na kuwala wale wadogo. Hao wakubwa waliingia na vumbi, alilijua hilo. Lakini wadogo? Miongoni mwao walikuwamo wajukuu na vilembwe wa wale waliotoka kinywani mwa mkewe. Kitu kilichoanzia kwake kilikuwa kikiishi, kikila, kikigawanyika mara mbili. Akawa akiwachungulia kila jioni.

Taabu ikawa moja. Maji yalikuwa yakipungua. Kisahani hakizuii yote. Hewa hunywa kidogo kidogo. Akiongeza maji ya bomba, si ya mkewe tena. Asipoongeza, atafika siku atakuta mduara wa chokaa na vumbi. Alibandika kipande cha plasta ubavuni mwa glasi, akachora mstari kwa kalamu pale maji yalipofikia, ili ajue yanashuka kwa kasi gani. Akawa anaenda shule na mstari ule kichwani, kama mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja kusaidia kupanga nguo za dada yake. Alipofika kwenye glasi alinyoosha mkono.

"Usiguse!"

"Shemeji, haya maji yananuka."

"Yananuka kwa sababu yana uhai."

"Yana uhai!" Shemeji alikaa kitandani akashika kiuno. "Nisikilize, shemeji yangu. Dada yangu nampenda kuliko unavyodhani. Lakini wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Yamwage, oga, kula, rudi kwa watu. Binti yako kakonda kwa ajili yako, huoni? Au mpaka umtie kwenye hiyo hadubini ndio umwone?"

Mwalimu alisimama kati yake na glasi. Shemeji alifunga mabegi yake akaenda zake, na neno lake la mwisho likapita sikio hili likatokea lile.

Ndipo jambo likaanza. Maji yaliacha kushuka. Mwalimu alitazama mstari asubuhi, akatazama akirudi, akatazama juma zima na juma lililofuata. Maji yalisimama palepale kwenye mstari kama yaliyoambiwa yangoje. Kwanza alifurahi. Kisha asubuhi moja alipokuwa anavaa viatu, akiwa na kamba mkononi, baridi ikampanda mgongoni. Maji yaliyofunikwa kwa kisahani tu hayaachi kupungua. Hilo halina mjadala.

"Umeigusa glasi ya mama?" alimuuliza binti yake wakila.

"Hapana, baba."

Alikuwa mtoto asiyejua uongo tangu utotoni, akaamini. Na kwa kuwa aliamini, akalazimika kutafuta sababu nyingine.

Alifanya alichowafundisha wengine. Alichukua glasi ya seti ileile, akajaza maji ya bomba kwa kimo kilekile, akabandika plasta, akachora mstari, akafunika kwa kisahani pacha, akaiweka kando ya ile ya kwanza juu ya kigoda kilekile. Hiyo ndiyo glasi ya kulinganishia. Kama ni unyevu wa chumba uliozuia maji kupungua, zitakaa sawa zote mbili. Kama ni macho yake yanayomdanganya, yatamdanganya kwa zote mbili. Alijivunia jaribio lile, mara ya kwanza kujivunia chochote tangu msiba.

Glasi ya kulinganishia ilishuka chini ya mstari, taratibu, kwa adabu, kama vitabu vinavyosema. Glasi ya mkewe haikushuka.

Tangu hapo chumba kile kilibadilika. Aliingia akibisha hodi. Alilala ukingoni mwa kitanda akiuacha upande wa ukutani kama ulivyokuwa. Akiwa sebuleni alisikia pedali ya cherehani ikikanyagwa mara moja, tak, na akigeuka anakuta kifuniko chake kimetulia. Nguo alizozianika aliziona zimekunjwa alivyokunja mkewe, mikono ndani kwanza, na hakuthubutu kuuliza nani kazikunja. Aliogopa, na zaidi ya hofu alikuwa na furaha ya aibu, furaha ya mtu aliyepewa kilichozidi haki yake na anaogopa kitadaiwa. Alikuwa na ushahidi! Wengine huwaona marehemu wao ndotoni. Yeye alikuwa na jaribio lenye ulinganisho.

Kisha akaona kilichomtoa jasho. Alichukua tone kutoka glasi ya mkewe, akatia iodini, akainamia lenzi. Kati ya vijidudu palikuwa na kitu chepesi, kipana, kimekunjamana pembeni, kina doa katikati. Pembeni yake kingine. Na kingine.

Zilikuwa seli za shavu. Zilikuwa nzima, kingo zake safi, kiini mahali pake.

Alirudi nyuma kiti kikagonga ukuta. Seli ya shavu haidumu majini. Inavimba, inachakaa, bakteria wanaila. Zile za mkewe, za siku ile ya mwisho, zilikwisha zamani. Hizi zilikuwa za juzi, pengine za leo. Kinywa cha mtu kilikuwa kimegusa maji haya.

Akaikumbuka kanuni yake. Pengine ni mimi, alijiambia, pengine nimekohoa, pengine kidonezi kichafu. Alichemsha kidonezi, akachemsha vioo, akajifunga kitambaa mdomoni kama daktari wa upasuaji, akachukua tone jingine. Zilikuwepo. Akachukua tone kutoka glasi ya kulinganishia. Hazikuwepo. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, akasema kwa sauti, "Kumbe unakuja kunywa."

Akaongeza, kwa sababu ndoa ni ndoa, "Na bado humalizi."

Shuleni walianza kumsema. Alisahau vipindi. Siku ya kijiti cha meno ilifika, na msichana mmoja wa mbele akainua mkono. "Mwalimu, hii seli niliyoikwangua, iko hai au imekufa?" Alizoea kujibu swali hilo kwa mzaha. Safari hii alisimama, chaki mkononi, akatazama dirishani. "Inategemea nani anaiuliza," alisema. Wanafunzi walitazamana. Mwalimu mkuu akamwita, akamwambia kwa upole apumzike nyumbani kidogo.

Hakumwambia binti yake kwamba amepewa mapumziko. Alitaka kumwona mkewe. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake lote sasa, na angetoa chochote kwa ajili yake. Glasi ilikuwa inajazwa yeye akiwa shuleni, kwa hiyo asubuhi aliaga kama kawaida, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, akajificha nyuma ya pazia la kabati la nguo, kati ya magauni ambayo shemeji alishindwa kuyachukua. Yalinuka mafuta ya cherehani na poda. Moyo ulimpiga kama wa bwana harusi.

Hatua zilikuja ukumbini, nyepesi, za miguu mitupu. Mlango ulifunguliwa bila hodi. Mwanamke aliingia akiwa na glasi mkononi, khanga mabegani, kichwa kimeinama upande wa kushoto, kama alivyozoea mkewe. Mwalimu alifumba macho, akayafumbua.

Mwanamke alikaa kitandani, akainua glasi yake, akanywa polepole mpaka nusu. Kisha akaondoa kisahani cha glasi ya marehemu, akamiminia humo maji yaliyobaki, kidogo, kidogo zaidi, akiinama kuangalia mstari, akasimama yalipoufikia. "Haya mama," alisema. "Tumekunywa."

Alikuwa ni binti yake.

Mwalimu alitoka nyuma ya pazia na gauni moja begani. Binti alipiga ukelele, glasi yake ikaanguka ikapasuka.

"Ni wewe!" Sauti ilimtoka vibaya, ya mtu aliyeibiwa. "Siku zote ni wewe! Nilikuuliza ukasema hapana!"

"Baba, unaniua kwa mshtuko..."

"Umeyaharibu! Unajua ulichofanya? Hayo yalikuwa maji yake! Sasa ni maji ya bomba! Ni mate!"

"Yalikuwa yanaisha!" Binti naye alipaza sauti, na machozi yakaja pamoja nayo. "Ulisema yakiisha mama ameisha. Mimi nilikuwa nakuona wewe. Kila yakishuka na wewe unashuka, huli, hulali. Nilidhani yakikauka nitazika mtu mwingine. Halafu ukachora mstari. Nikasema basi, baba ameonyesha yasishuke hapo. Nikawa nayafikisha hapo."

"Mstari ulikuwa wa kupimia!"

"Ningejuaje? Jikoni mstari kwenye kikombe ni wa kujazia."

Mwalimu aliutazama ule mstari. Miaka yote ya kufundisha, na hakumweleza mtu wa nyumbani mwake mstari ule ni wa nini.

"Na ile nyingine? Mbona hukuijaza?"

"Ile nilijua ni masomo yako."

Alikaa kitandani, ule upande aliokuwa akiuepuka. Springi za godoro zililia. Akauona ule upumbavu wote kwa mara moja: hodi alizobisha, nguo zilizokunjwa, mtoto wake aliyefundishwa kukunja na mama yake. Alikuwa amechora kope zake tena. Na kilichomuuma hakikuwa aibu. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alikuwa amekufa, na hakuja, na hakuwa anakuja.

"Kwa nini unakunywa kwanza?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya kawaida. "Ungemimina tu."

Binti alikuwa ameinama akiokota vigae vya glasi. "Nikiwa mdogo yeye ananywa nusu, mimi namalizia. Nikaona safari hii mimi nianze." Akafuta pua kwa khanga. "Kwani wewe ulijuaje? Ulisema ni mate."

"Niliona seli. Za shavu. Zina viini kabisa." Alitikisa kichwa. "Nilidhani ni zake."

"Kumbe ni zangu."

"Ni zako. Ndani ya kiini mna nyuzi, zile zinazobeba urithi. Kila seli inazo. Na nyuzi hizo hazizuki, nusu yake unapewa na baba, na nusu nyingine..."

Alikuwa amesema sentensi ile mbele ya madarasa mengi kiasi kwamba ilitoka yenyewe, kama salamu. Safari hii aliisikia. Akamtazama binti yake, kichwa kimeinama kushoto, kidole kimekatwa na kigae kidogo, na ndipo akaona jinsi alivyokonda.

Aliinuka, akafunga kidole kile kwa kipande cha plasta. Kisha akaleta hadubini mezani, akaigeuzia dirisha, akakipangusa kile kioo cha poda kwa ncha ya shati. Akatoa kijiti cha meno.

"Fungua mdomo, mama."

Binti alifungua. Baba alikwangua ndani ya shavu polepole, akapaka, akatia iodini, akafunika, akainama. Mwanzoni hakuona kitu, macho yake yalikuwa na maji. Akayafuta akainama tena, akageuza skrubu ndogo mpaka ukungu ukaondoka. Alikaa hivyo muda mrefu. Midomo yake ilitikisika kidogo, na binti alijua anasalimia.

"Yupo?" aliuliza binti.

"Nusu," alisema baba yake, bila kuondoa jicho. "Kama kawaida yake."